Kadeshi iko wapi? Jina peke yake si ushahidi

Jumapili moja hivi majuzi, baada ya ibada, alinijia mzee mmoja wa kanisa akiwa na Biblia mbili kwapani. Moja ilikuwa ya Kiingereza, kuukuu, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ya pili ilikuwa mpya. Alizifungua zote kwenye kurasa za mwisho, pale panapochapishwa ramani, akaweka kidole juu ya jina moja: Kadeshi-Barnea.

Katika ile kuukuu, Kadeshi ilikuwa ndani ya bonde la Araba, kusini mwa Bahari ya Chumvi. Katika ile mpya, ilikuwa mbali upande wa magharibi, kwenye Rasi ya Sinai, na kando ya jina palitiwa alama ya kuuliza.

"Mwalimu," akaniambia, "nimezifundisha sura hizi miaka mingi. Wewe uliyesomea lugha, hebu nieleze. Mahali hapa palihama, au mmoja wa wachoraji hawa ametudanganya?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa watu walikuwa wakitungoja mlangoni, na niliona wazi kuwa jibu langu halikumtosheleza. Makala haya ni deni ninalomlipa. Nayalipa hadharani kwa sababu swali lake linawahusu wengi wasiopata hata kulisikia jina la Kadeshi.

Tuanze na Maandiko yenyewe. Kadeshi ilikuwa oasisi, yaani mahali penye maji na majani katikati ya jangwa. Katika Kitabu cha Hesabu, wapelelezi waliotumwa kuichungulia nchi ya Kanaani walirudi Kadeshi na kutoa habari zao. Hapo ndipo watu walipokata tamaa na kuhukumiwa kutangatanga. Miriamu, dada yake Musa, alifia Kadeshi na kuzikwa huko. Hapo ndipo Musa alipoupiga mwamba kwa fimbo, maji yakatoka, naye akanyimwa ruhusa ya kuingia katika nchi ya ahadi. Ni kituo cha matumaini na cha msiba kwa wakati mmoja, na si ajabu kwamba watu wametamani kukiona kwa macho.

Maandiko hayo hayo yanatupa dalili za mahali. Kumbukumbu la Torati linasema kwamba kutoka Horebu hadi Kadeshi-Barnea, kwa njia ya mlima Seiri, ni safari ya siku 11. Mwanzo inasema kwamba Ibrahimu alikaa kati ya Kadeshi na Shuri, na Shuri ilikuwa upande wa Misri. Hesabu 34 na Yoshua 15 zinaitaja Kadeshi-Barnea katika orodha ya mpaka wa kusini, baada ya jangwa la Sini na kabla ya kufika kwenye kijito cha Misri. Lakini katika Hesabu 20, wajumbe wa Musa wanamwambia mfalme wa Edomu kwamba wako Kadeshi, mji ulio kwenye ukingo wa mpaka wake. Nchi ya Edomu ilikuwa hasa mashariki ya bonde la Araba.

Msomaji atakuwa ameona matata yalipo. Dalili nyingine zinatuvuta magharibi, kuelekea Misri. Nyingine zinatuvuta mashariki, kuelekea Edomu. Katika karne ya 4 Baada ya Kristo, askofu Eusebio wa Kaisaria aliiweka Kadeshi katika jangwa linalofika karibu na Petra, katika nchi inayoitwa leo Yordani, akaandika kwamba kaburi la Miriamu lilikuwa bado likionyeshwa huko. Baada ya hapo zikapita karne nyingi ambazo wasomi walisoma jina tu, wala hawakuwa na la kuonyesha.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1838. Edward Robinson, msomi wa Biblia kutoka Marekani, alisafiri katika nchi hizo pamoja na mmishonari Eli Smith, aliyekimudu Kiarabu barabara. Robinson alikuja na hoja iliyo karibu sana na taaluma yangu. Aliona kwamba watawala hubadilika na miji huporomoka, lakini wakulima na wafugaji huendelea kukiita kilima kwa jina walilorithi kwa babu zao. Kwa hivyo, badala ya kuwauliza watawa mji fulani ulikuwa wapi, yeye na Smith waliwauliza wenyeji mahali hapa panaitwaje. Majina mengi ya Kiebrania yalipatikana yangali hai ndani ya Kiarabu.

Kuhusu Kadeshi, hata hivyo, Robinson hakupata jina. Alichagua chemchemi ya Ain el-Weibeh, katika bonde la Araba, kwa kuwa ilikuwa na maji na ilikuwa karibu na Edomu. Chaguo hilo ndilo lililoingia katika ramani nyingi za karne ya 19, na bila shaka ndilo lililokuwa katika Biblia ya baba yake mzee wetu. Mchoraji yule hakuwa mwongo. Alichora kilichojulikana siku zake.

Mwaka wa 1842 kasisi Mwingereza aitwaye John Rowlands alifika kwenye chemchemi moja ya Sinai ambayo wenyeji waliiita Ain Kadis. Furaha yake haikuwa na kifani. Hapa sasa jina lilikuwa limepatikana, tena upande ule ule wa magharibi unaotajwa na orodha za mpaka. Mwaka wa 1881 Mmarekani Henry Clay Trumbull aliifikia chemchemi hiyo, na mwaka wa 1884 akatoa kitabu kizima juu ya Kadeshi-Barnea. Aliieleza kana kwamba ni kipande cha Edeni: maji tele, mitini, nyasi na maua.

Nitulie hapa kidogo, maana ndipo ninapotakiwa kufanya kazi yangu. Je, Kadis ni Kadeshi kweli?

Kwa upande wa sauti, ushahidi ni mzuri. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, nazo huhusiana kwa kanuni, si kwa bahati. Mojawapo ya kanuni hizo ni kwamba mahali ambapo Kiebrania kina sauti "sh", mara nyingi Kiarabu kina "s". Waebrania husema shalom, Waarabu husema salaam, na sisi tumepokea salamu na salama. Vivyo hivyo shina la Kiebrania lenye konsonanti k-d-sh, lenye maana ya utakatifu, hulingana na shina la Kiarabu k-d-s. Kutoka shina hilo tumepata neno kudusi, nao Waislamu wa pwani yetu huuita Yerusalemu Baitul Mukadasi. Hivyo Kadeshi kuwa Kadis ni badiliko tunalolitarajia.

Hata neno "ain" lina jambo la kutufunza. Katika Kiarabu na Kiebrania, neno moja hutumika kwa jicho na kwa chemchemi. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani nasi husema jicho la maji. Je, tutadai kwa sababu hiyo kwamba Waswahili waliitoa Sinai methali hii ya macho? La hasha. Watu wa mbali hufikia taswira moja wakitazama kitu kimoja. Kufanana hakumaanishi udugu.

Ipo mitego iliyo hatari zaidi. Mwanzo 14 inatuambia kwamba Kadeshi iliitwa pia En-Mishpati, yaani chemchemi ya hukumu. Niliwahi kumsikia mtu mwenye akili timamu akieleza kwa ufasaha kwamba Kadeshi basi ni neno moja na kadhi, kwa kuwa kadhi ndiye atoaye hukumu. Maelezo yanapendeza, ila si ya kweli. Neno kadhi latokana na shina jingine la Kiarabu, lenye konsonanti ya pili na ya tatu tofauti na zile za kudusi. Ni sisi tusiokuwa na sauti hizo tunaoyasikia maneno haya yakigongana. Hali ni hiyo hiyo kwa majangwa mawili ya Biblia, moja la njiani kutoka Misri na jingine la Kadeshi: katika Kiebrania majina yao huanza kwa sauti mbili mbalimbali, lakini vinywani mwetu yote mawili huelekea kuwa Sini.

Turudi Ain Kadis. Jina limefaulu mtihani wa sauti. Vipi kuhusu maji? Mwanzoni mwa mwaka wa 1914 walifika hapo vijana wawili wa Kiingereza, Leonard Woolley na T. E. Lawrence. Walikuta chemchemi ndogo isiyofanana hata chembe na bustani ya Trumbull. Waliona kwamba umati wa watu na mifugo yao haungeweza kuishi kwa maji yale. Yapata kilomita 10 kaskazini-magharibi, hata hivyo, kulikuwa na chemchemi nyingine, Ain el-Kudeirat, yenye maji mengi kuliko zote za kaskazini mwa Sinai, iliyokuwa ikinywesha bonde la kijani. Kando yake palikuwa na kilima chenye magofu ya ngome ya kale. Hapo, walisema, ndipo pa kuitafutia Kadeshi.

Basi tazama mkasa ulivyo. Jina liko kwenye chemchemi moja, maji na magofu yako kwenye nyingine! Na jina Kudeirat halitusaidii kitu. Linafanana na Kadeshi kwa silabi ya mwanzo tu. Shina lake ni k-d-r, lile lililotupa kadiri na kudura, nalo ni jina la kundi la Mabedui waliokuwa wakiyatumia maji hayo.

Kuna njia ya kulitatua jambo hili bila kulivunja. Zaburi ya 29 inataja jangwa la Kadeshi, si kisima cha Kadeshi. Huenda basi jina lilikuwa la eneo zima lenye chemchemi kadhaa, yaani Kudeirat, Kadis, na Kuseima iliyo jirani, kisha wakazi walipobadilika likabaki kwenye jicho moja dogo la maji. Majina hufanya hivyo. Nairobi lilikuwa jina la Kimaasai la maji baridi. Leo ni jina la jiji ambalo wakazi wake wengi hawajui kwamba wanataja maji.

Wasomi wengi leo hulikubali eneo hilo, na hasa Ain el-Kudeirat. Liko kama kilomita 75 kusini-magharibi ya Beersheba, mahali njia ya kale ya kutoka Misri ilipokutana na ile ya kutoka pwani ya Bahari ya Kati kwenda ghuba ya Akaba. Kutoka Jebel Musa, mlima ambao mapokeo huuita Horebu, ni kama kilomita 240 kwa mstari ulionyooka, umbali unaopatana na siku 11 za mwendo. Lakini tusijipige kifua. Horebu yenyewe ina mabishano yake, na anayekipima kisichojulikana kwa kisichojulikana hana kipimo.

Sasa jembe la mchimbuzi. Moshe Dothan alichimba katika kilima hicho mwaka wa 1956, na Rudolph Cohen akachimba kwa kirefu tangu 1976 hadi 1982. Zilifukuliwa ngome zilizojengwa moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa ilikuwa ya umbo la yai, nayo Cohen aliiweka katika karne ya 10 Kabla ya Kristo. Juu yake zikaja za pembe nne, na ya mwisho iliteketea kwa moto katika karne ya 6, nyakati ambazo ufalme wa Yuda uliangamizwa na Babeli. Wapo wachimbuzi wanaobishana juu ya idadi ya ngome na tarehe zake.

Kilichonivutia mimi zaidi ni vigae vya vyungu vilivyoandikwa wino. Baadhi vina orodha za tarakimu, na tarakimu hizo ni za mwandiko wa Kimisri. Kwenye maelfu, mwandishi ametia neno la Kiebrania, neno la shina lile lile lililotufikishia elfu kwa njia ya Kiarabu. Hebu mfikirie karani yule katika ngome ya jangwani, akijizoeza kuhesabu kwa maandishi ya Misri na kwa maneno ya Yuda. Mpaka ulikuwa hapo kweli, nao ulipitisha elimu sawa na ulivyopitisha ngamia.

Lakini alama za makao ya karne ya 13 Kabla ya Kristo, wakati ambao wengi huukisia kuwa wa Musa, hazikupatikana. Wako wanaosema kwamba watu wa mahema hawaachi kuta, kwa hivyo ukimya wa ardhi hauthibitishi neno. Wako wanaojibu kwamba katika majangwa hayo hayo zimepatikana alama za wafugaji wa zama za kale zaidi, na kwamba umati ungeacha walau majivu. Na wako wanaodhani kwamba waliozipanga habari hizo waliijua Kadeshi ya ngome, ile ya siku za wafalme, wakaipa nafasi katika kumbukumbu za mababu. Hoja hizo ni nzito pande zote. Mzee wangu ana haki ya kuamini anachoamini. Nami sina haki ya kumwambia kwamba ardhi imesema kitu ambacho haikusema.

Mpenzi msomaji anaweza kuuliza: na yote haya yana faida gani kwetu, watu wa mbali na Sinai?

Kwanza, tutazame ni nani aliyekuwa akiitafuta Kadeshi, na kwa nini. Ile safari ya Woolley na Lawrence ilifanywa kwa jina la chama cha wasomi cha London, lakini iliambatana na maafisa wa jeshi la Uingereza, chini ya Kapteni Stewart Newcombe, waliokuwa wakichora ramani ya mpaka wa dola ya Waturuki. Miezi michache baadaye, Agosti 1914, vita vikuu vilianza. Musa na Miriamu walikuwa wametumiwa kama pazia. Dothan naye alichimba baada ya vita vya 1956, majeshi ya Israeli yalipokuwa yameitwaa Sinai kwa miezi michache. Cohen alichimba katika miaka iliyofuata vita vya 1967, Sinai ikiwa tena mikononi mwa Israeli, akamaliza mwaka ule ule wa 1982 ambao rasi hiyo ilirudishwa Misri. Vitu vilivyochimbwa huko vilirejeshwa katika miaka ya 1990. Wasomi hawa walifanya kazi ya kweli, nami nimewategemea katika makala haya. Lakini mahali panapotajwa katika orodha ya mipaka hapatafutwi na wapenda vyungu peke yao. Wako wanaozisoma Hesabu 34 na Yoshua 15 kama hati ya kumiliki ardhi, na kwa watu hao alama ya kuuliza kwenye ramani ni usumbufu.

Pili, ugonjwa huo haukosekani kwetu. Mara kwa mara huletewa karatasi na watu waliogundua kwamba jamii yao ilitoka Israeli au Misri, kwa sababu neno moja, au matatu, yanafanana na ya Biblia. Kanuni ya sauti haitafutwi. Lugha za jirani, ambazo zingeonyesha neno limetoka wapi, hazitazamwi. Kama mambo yangeishia kwenye fahari ya asili, ningetabasamu na kunyamaza. Hayaishii hapo. Kuna mtu wa pili ambaye hushika jina la mto au la kilima na kusema: jina hili ni la lugha yetu, kwa hivyo nchi hii ni yetu, na jirani aliyelima hapa tangu utoto wake afunge mizigo. Tumewahi kuona katika nchi hii, mwaka wa 1992 na mwaka wa 2008, nyumba zikichomwa na watu wakifukuzwa kwa hoja za nani alikuja kwanza.

Kama mwanaisimu, nina wajibu wa kusema wazi kwamba jina la mahali haliwezi kubeba mzigo huo. Jina hutuambia kwamba wakati fulani watu wa lugha fulani walipaita mahali hivyo. Halituambii kama walikuwa wa kwanza, wala walikaa kwa muda gani, wala waliondoka kwa nini. Ain Kadis ni mfano bora nilio nao. Jina lake limepita kila mtihani wa sauti, na bado aliyelifuata peke yake alifika kwenye maji yasiyotosha, akayapamba kwa kalamu ili yatoshe.

Jina ni shahidi mmoja. Maji ni shahidi wa pili, njia ni wa tatu, vigae ni wa nne. Hakimu mwema huwasikiliza wote, na wasipopatana huandika hivyo hivyo kwenye faili.

Jumapili ijayo nitamtafuta mzee wangu. Nitamwambia kwamba Kadeshi yumkini iko pale Biblia yake mpya inapoionyesha, katika bonde lile la Sinai lenye chemchemi kadhaa, na kwamba nina sababu nne za kusema yumkini na sina hata moja ya kusema hakika. Ile Biblia ya baba yake na aitunze, maana inaonyesha watu walivyotafuta. Lakini anapowafundisha vijana, na atumie ile yenye alama ya kuuliza, na asiifute alama hiyo kwa kidole.